Mzigo Ambao Sikuutikisa

Jina lake sitaandika. Mama yake bado tunakaa naye benchi moja kanisani, na yule mama hajanikosea kitu. Lakini yeyote aliyekuwa akibeba watu kwa baiskeli Busia miaka ile, akisoma hapa, atamjua. Ni yule mrefu aliyefika kidato cha pili, aliyekuwa akipiga mluzi kila akipanda baiskeli. Ni yeye. Na aliyemfungulia mlango ni mwenye chumba cha gemu pale Burumba, yule wa jino la dhahabu. Hao wawili. Nimekaa na hili jambo zaidi ya miaka ishirini, na nimechoka kuambiwa nisamehe kwa sababu eti ulikuwa mchezo wa televisheni.

Mchezo wa televisheni ndio uliochukua maisha yangu. Mimi nimeishia darasa la nne huko Khunyangu, kwa hivyo nitaeleza polepole, kama ninavyojua.

Sisi tulikuwa watu wa baiskeli. Pikipiki zilikuwa hazijaingia. Ukishuka basi Busia unataka kuvuka mpaka, ni sisi tunakubeba nyuma, kwenye keria yenye mto wa sponji. Watu wakiwa wachache tunabeba mizigo: sukari, sabuni, omena, trei za mayai, chochote. Mimi na yule mrefu tulikuwa na baiskeli moja, tumeinunua pamoja. Leo yake, kesho yangu. Asiye na zamu anabaki kwenye kituo, anafunga mizigo ya mwenzake kwa kamba za mpira wa tyubu.

Kufunga mzigo si kukaza tu. Ukiweka uzito wote nyuma ya ekseli, gurudumu la mbele linakuwa jepesi, unageuza usukani na baiskeli haisikii. Ukiweka juu sana, kwenye kona mzigo unataka kwenda upande wake na wewe upande wako. Na kulikuwa na desturi ambayo hakuna mtu alitufundisha, tuliikuta pale. Ukipewa mzigo uliofungwa na mkono mwingine, hupandi hivyo hivyo. Unashika keria, unatikisa mara mbili, mara tatu. Ukisikia unacheza, unafungua kamba yote na kufunga upya mwenyewe, na hakuna wa kukasirika. Lakini mzigo wa mwenzako wa baiskeli moja hutikisi. Ukiutikisa mbele ya watu, ni kama umetangaza kwamba huyu anataka nivunjike shingo. Miaka sita sikutikisa wake, na yeye hakutikisa wangu.

Halafu Malaba, ule mji mwingine wa mpakani, ikanivunja goti. Nilikuwa nimepeleka kitenge, napita katikati ya foleni ya matrela, moja likarudi nyuma bila kuangalia. Sitasema mengi hapo. Nililazwa hospitali ya Nangina, masista wakanihudumia vizuri, nikarudi nyumbani natembea. Lakini goti lilikuwa limekataa kukunjika hadi mwisho. Unajua kukanyaga pedali kunataka goti likunjike. Nikawa naweza kubeba mtu mmoja mwembamba mpaka forodhani, nikirudi nakaa chini nalikamua kama nguo. Yule mrefu akawa anachukua zamu zake na zangu, na mimi nafunga tu.

Ndio wakati jino la dhahabu alileta mashine ya gemu Burumba. Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea kuisha. Chumba cha mabati, televisheni moja kubwa, mashine ya kijivu, padi mbili zenye nyaya, zile za kushika na kubonyeza, na benchi tatu za kanisa, sijui alizitoa wapi. Wengi walikuja kupigana makonde na kucheza mpira. Mimi niliingia kupumzisha goti, nikakuta gemu ya magari.

Haikuwa ile ya kukanyaga mafuta tu. Gari ilikuwa na uzito. Ukifunga breki unaona pua inainama. Ukiingia kona na mwendo mkali, mkia unateleza, na ukiogopa ukaachilia mafuta ghafla ndio unaharibu kabisa. Na kabla ya kukimbia unaweza kuingia gereji yake, ukaigusa gari yote: springi za mbele, springi za nyuma, breki zishike mbele zaidi au nyuma zaidi, gia ziwe ndefu au fupi. Kila kitu ni kamstari kenye alama, unakavuta kushoto au kulia.

Diski ya kwanza iliandikwa Kijapani. Hakuna mtu Busia nzima aliweza kusoma neno moja. Kwangu huo ndio ulikuwa wakati mzuri, na sioni aibu kusema. Aliyemaliza kidato cha nne, karani wa forodha, mwalimu, na mimi wa darasa la nne, sote tulikuwa hatujui kusoma. Wao walivuta kila kamstari mpaka mwisho wa kulia, wakidhani zaidi ndio bora. Gari zao zilikuwa na nguvu za trela na zilienda moja kwa moja ukutani. Mimi nilivuta kamoja, nikakimbia raundi moja, nikasikiliza mkono. Nikarudi, nikakavuta nusu. Hivyo hivyo, wiki baada ya wiki, mpaka nikajua kila kamstari kanafanya nini, bila kujua kanaitwaje.

Gari yangu ilikuwa ya buluu, ya kusukumwa na magurudumu ya nyuma. Niliipunguzia nguvu. Walicheka sana siku hiyo.

"Huyu ameonewa na trela mpaka anaogopa mafuta!" karani alisema.

"Niache," nikamwambia. "Wewe unabeba gunia juu ya kichwa cha abiria. Mimi napanga mzigo."

Nililegeza springi za nyuma kidogo ili mkia ukae chini, nikapeleka breki mbele. Kulikuwa na barabara moja ndefu ambayo mwisho wake ni kona iliyokunjika kama goti zima. Pale ndipo wote walikufa. Mimi nilifunga breki mapema kidogo, pua ikainama, nikageuza, mkia ukafuata kama mbuzi aliyefungwa kamba. Kufika mwezi wa pili hakuna mtu wa Busia aliyenishinda. Nilikuwa nimekaa chini na nilikuwa na mwendo kuliko wote. Hebu fikiria hilo kwa mtu wa goti langu.

Kisha mwenye chumba akaleta diski mpya, ya Kiingereza. Kamstari zilikuwa zilezile lakini zimepangwa kwa kurasa nyingine, na kila mahali maswali: unataka kuhifadhi, unataka kufuta, una hakika? Mara mbili nilibonyeza vibaya nikapoteza kazi ya siku tatu. Yule mrefu alikuja akaketi kando yangu.

"Wewe niambie unataka nini, mimi nitasoma," akasema. "Si sisi ni baiskeli moja?"

Tukawa hivyo. Mimi nasema, "Nyuma ilegee alama mbili," yeye anatafuta ukurasa, anavuta, anahifadhi kwenye ile kadi ndogo ya mashine. Nilimwonyesha kila kitu. Kwa nini nyuma ilegee. Kwa nini breki iende mbele. Nilimwambia, ukitaka gari hii igeuke mchawi, kaza springi za nyuma mpaka mwisho na upeleke breki zote nyuma. Itakuwa kama kufunga breki ya nyuma peke yake ukishuka kwenye mchanga na gunia mbili. Alicheka, akasema, "Hiyo ni ya kuua mtu." Nilimfundisha mwenyewe, kwa mdomo wangu.

Sasa sikiza vizuri, kwa sababu hapa ndipo jambo liko. Mwenye chumba alinunua mashine ya pili, akakodi chumba Malaba, karibu na mahali madereva wa trela wanangoja makaratasi. Alitaka mtu wa kukaa nayo: kufungua asubuhi, kufunga jioni, kulala chumba cha nyuma. Kazi ya kukaa. Nilimfuata, nikamwomba wazi.

"Boss, nipe Malaba. Unaona mguu wangu."

Aliniangalia, akaangalia watu waliojaa kwenye benchi, akaona namna ya kufaidika. Upande wa Uganda kulikuwa na bingwa wao, mfanyabiashara wa vipuri vya redio, ambaye hakuwa ameshindwa na mtu kutoka kwao mpaka Tororo. Jino la dhahabu akasimama akasema kwa sauti, "Mimi ni mtu wa haki. Mpige bingwa wa ng'ambo Jumamosi hapa hapa, na Malaba ni yako. Mmesikia wote?"

Walisikia wote. Walipiga benchi. Yule mrefu alinikumbatia mpaka nikahema.

Wiki hiyo nilikuwa tayari Malaba kwa akili yangu. Nilijua mahali nitaweka benchi. Nilijua nitafunga pazia jekundu mlangoni ili jua lisipige kioo. Nilimwambia yule mrefu baiskeli ibaki yake yote, nusu yangu namwachia bure, na nikipata nafasi nitamwita aje afanye zamu na mimi. Alisema, "Asante, ndugu." Aliangalia chini aliposema. Nikadhani ni machozi.

Jumamosi nilitoka kanisani, kwaya ilikuwa na mazoezi, nikatembea polepole mpaka Burumba. Saa nane mchana chumba kilikuwa kimejaa mpaka dirishani. Wa ng'ambo walikuwa upande wao, wetu upande wetu. Bingwa wao alikuwa mtu mnene mpole, na kalamu sikioni. Alinipa mkono mara mbili.

"Ssebo, nimesikia wewe hupunguza nguvu," akaniambia, akiniita bwana kwa lugha ya kwao. "Hiyo ni akili."

Yule mrefu alikuwa ameingia tangu asubuhi. Mwenye chumba alimfungulia, wakakaa wawili na mashine, eti kuandaa kadi. Nilipoketi alinipa padi mkononi, akasema maneno haya, nayakumbuka kama sala: "Kila kitu iko tayari. Nimekufungia vile unapenda."

Kila mmoja alikuwa na haki ya raundi moja ya kujaribu. Mnene akachukua yake, taratibu. Zamu yangu ilipofika, yule mrefu akaniinamia sikioni.

"Usijaribu. Atakuona unapitia wapi kwenye kona. Anza tu."

Raundi ya kujaribu ndiyo ilikuwa kutikisa mzigo. Ningeshika keria mara moja tu ningejua. Lakini ulikuwa mzigo wa mwenzangu wa baiskeli moja, na chumba kizima kilikuwa kinatazama. Ningemtikisia mbele ya watu wa ng'ambo? Nikasema, "Sawa, tuanze."

Kioo kikagawanywa, mimi juu, mnene chini. Raundi tano. Tukaondoka, nikamtangulia, watu wakapiga mabati. Kwenye barabara ndefu gari ilikuwa yangu, sauti ileile, gia zilezile. Nikafika mahali pangu, nikafunga breki.

Mkia ukaja mbele.

Sijui nielezeje kwa mtu ambaye hajawahi kubeba. Kuna wakati unajua, kabla hujaanguka, kwamba kamba hii haikufungwa na wewe. Gari ilizunguka kama mlevi aliyeitwa jina lake, ikapiga ukuta kwa ubavu. Mnene akapita.

"Kaza! Kaza!" yule mrefu alipiga kelele nyuma yangu. Mkono wake ulikuwa begani mwangu.

Raundi ya pili nikafunga breki mapema zaidi, ikateleza tena, nikaikamata. Raundi ya tatu nilikuwa nimeacha kuendesha gari yangu na nimeanza kuendesha ile niliyopewa. Si nimebeba mizigo mibaya maisha yangu yote? Sikugusa breki hata kidogo. Nilishusha gia tu, moja baada ya nyingine, gari ikapungua mwendo bila kuinama. Ikageuka. Mabati yakalia tena. Raundi ya nne nikaanza kuona matako ya gari ya mnene. Na hapo ule mkono begani, badala ya kunipiga piga, ulinyamaza. Ukakaa tu, mzito.

Raundi ya tano nilimfikia. Kwenye kona ya mwisho tulikuwa sambamba kabisa, na nilihitaji breki kidogo tu, mguso mmoja. Niligusa. Mkia ukatoka. Nikavuka mstari kinyumenyume, na yeye alikuwa amevuka.

Wa ng'ambo walibeba mtu wao juu. Alipowekwa chini, alikuja kwangu kabla ya kwenda kwa watu wake.

"Ssebo, gari yako ilikuwa mgonjwa," akasema kwa sauti ya chini. "Kwa nini uliiweka hivyo?"

Nikamgeukia mwenye chumba. "Boss, fungua ile ukurasa ya springi nione." Maneno siwezi kusoma, lakini kamstari nakajua.

"Ya nini? Umepigwa, mzee. Wengine wanangoja."

"Fungua tu. Ni dakika moja."

Yule mrefu akacheka, lakini si kicheko chake. "Wacha kutafuta sababu, ndugu. Jana goti, leo springi. Kesho utasema ni padi."

Watu wakacheka. Jino la dhahabu akanyoosha mkono akazima mashine, akachomoa kadi, akaitia mfukoni. Jambo hilo lilinichoma, lakini hata hapo, namwambia Mungu ukweli, sikumshuku rafiki yangu. Nilimshuku mwenye chumba. Nilishuku mashine. Nilishuku vidole vyangu. Nilienda nyumbani nikijiambia labda mimi ndiye nilimwagiza vibaya, labda nilisema mbele nikitaka kusema nyuma.

Jumatatu asubuhi nilikuwa kwenye kituo. Yule mrefu akaja na baiskeli anaisukuma, na mwenye chumba nyuma yake na televisheni imefungwa kwa blanketi.

"Amenipa mimi Malaba," yule mrefu akasema, akiangalia barabara. "Anataka mtu wa kusoma. Si ungeshindwa na risiti?"

Mwenye chumba akaongeza, "Si ubaya, mzee. Ni kazi ya makaratasi pia. Nilikuwa nafikiria hivyo tangu mwanzo."

Tangu mwanzo. Angesema hivyo siku ile nilipomwomba, ningelia siku moja nikamaliza. Lakini aliahidi mbele ya watu ili chumba kijae, na baada ya kuahidi, ikabidi nishindwe.

Halafu yule mrefu, bila aibu, akanisogezea kamba za tyubu. "Nifungie, tafadhali. Ni mbali na ni kioo. Hakuna anayefunga kama wewe. Nikifika nitapata mtu wa kukurudishia baiskeli, nimekuachia yote."

Ameniachia baiskeli. Mimi wa goti.

Mngefanya nini nyinyi? Nilikuwa na mpira mkononi na televisheni yake mbele yangu. Mahali pamoja tu pa kulegeza, chini, upande wa kushoto ambapo hapaonekani, na kioo kingekuwa vipande vipande kabla hajafika nusu ya njia. Nilijua mahali hapo kama ninavyojua kitovu changu.

Nilifunga vizuri. Niliweka uzito mbele ya ekseli. Nilikunja blanketi chini ya kona zote nne. Nilivuka kamba mara mbili, nikamalizia kwa fundo langu, lile ambalo kituo kizima kililijua. Wenzetu walikuwa wamesimama wanatazama. Nilifanya hivyo kwa sababu bado nilikuwa namhesabu kuwa mwenzangu wa baiskeli moja, ambaye bahati imempenda kuliko mimi. Nikasema, "Haya, safari njema."

Akashika usukani. Akainua mguu kupanda. Halafu akaurudisha chini.

Akashika keria, akatikisa. Mara moja, mara mbili. Haikucheza hata unywele. Akatikisa mara ya tatu. Alikuwa na jasho juu ya mdomo, na ilikuwa bado asubuhi. Hakupiga mluzi. Wenzetu wote waliona, na mzee mmoja aliyeuza mitumba kando ya kituo akasema polepole, "Mungu wangu."

Yule mrefu akainama, akafungua fundo langu. Akafungua kamba zote mpaka ya mwisho, akaanza kufunga upya mwenyewe, vibaya, bila kuniangalia.

Nikamngoja amalize. Sikuhitaji tena kuona ule ukurasa wa springi.